Fundi Baiskeli wa Nyaishozi Aliyevuka Bahari Kutafuta Muziro

Ni siku ya gulio, umande haujakauka, na baiskeli tatu zimekwisha pinduliwa chali mbele ya kibanda cha fundi Projestus hapa Nyaishozi. Fundi mwenyewe amechuchumaa kando ya beseni la maji. Ameizamisha tyubu na anaibana taratibu, akisubiri mapovu yamwonyeshe tundu lilipo.

“Baba, hii si pancha, hili ni chujio,” anamwambia mzee mmoja aliyetoka Ihembe na mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli. “Ulipita juu ya nungunungu?”

Mzee anacheka, lakini macho yake hayako kwenye tyubu. Yako kwenye nywele za fundi, ambazo ni nyekundu kama kutu, na kwenye madoadoa yaliyomjaa puani na mashavuni. Projestus amezoea. Ana miaka ishirini na tisa, na miaka yote hiyo watu wamemtazama hivyo hivyo.

“Wanaotazama si tabu,” anasema akikausha tyubu kwa kitambaa. “Tabu ni wanaouliza.”

Swali lenyewe kila mtu wa Karagwe analijua. Ukikutana na mgeni, baada ya salamu, utataka kujua yeye ni wa ukoo gani na muziro wake ni nini. Muziro ni kile ambacho watu wa ukoo hawakili: mnyama fulani, ndege fulani, samaki, hata mdudu. Mtoto huupata kwa baba yake. Ukiujua muziro wa mtu, umejua kama ni ndugu yako, kama mnaweza kuoana, na umwandalie mboga gani akija kwako.

Projestus hakuwa nao. Baba yake alikuwa Mzungu wa Ayalandi.

Aliitwa Malaki Tierney, ingawa jina hilo halikumkaa mtu mdomoni. Watu wa machimbo ya bati kule Kyerwa walimwita Rutukura, yaani yule mwekundu. Alikuja mwaka 1925 kutafuta bati, akampata Kembabazi, binti wa mkulima wa Kamuli. Padri aliwafungisha ndoa. Wazungu wenzake wakaacha kumkaribisha kwao, na yeye, kwa maneno ya mkewe, “akashukuru Mungu.”

Mama Kembabazi bado yupo Kamuli, mwembamba, mcheshi, na jembe haliachi. Anapomzungumzia mumewe hufunika mdomo kwa ncha ya kitenge, kama msichana.

“Kulima hakujua. Kumenya ndizi hakujua, alikuwa anakata vidole. Lakini kucheka alijua, weee! Mpaka kuku wanakimbia,” anasema. “Homa ilimchukua Malaki, mtoto akiwa na miaka miwili. Wenzake wa machimbo walikuwa mbali. Baba yangu akasema, mkwe hatupwi. Tukamzika hapa hapa kibanjani kwetu, kwenye migomba.”

Alichoacha ni sanduku la bati. Juu ya kifuniko, kwa rangi nyeupe, limeandikwa jina lake na la kijiji alikotoka: Kilfarna.

Mtoto akakulia Kamuli kwa babu mzaa mama. Babu hakumbagua na wajukuu wengine, na mezani mtoto akafuata muziro wa babu, ambao ni mbawala. Alipokua alikwenda Bukoba, akajifunza ufundi kwa Mhindi mmoja mwenye duka la baiskeli, kisha akarudi na kufungua kibanda chake hapa barabarani. Siku hizi kahawa ina bei, na mtu akiuza kahawa vizuri, kitu cha kwanza ananunua baiskeli. Siku ya gulio Projestus hupata shilingi tano, pengine sita. Siku za kawaida akipata mbili halalamiki.

Mambo yalikuwa yakienda hivyo, mpaka alipotokea Kyomugisha.

Kyomugisha ni binti wa Mzee Rwezaura, mkulima wa kahawa anayeheshimika hapa Nyaishozi. Miaka minne iliyopita alileta baiskeli ya baba yake akidai breki hazishiki. Wiki iliyofuata akairudisha, akidai ni kengele. Iliyofuata, mnyororo.

“Breki zilikuwa nzima,” Kyomugisha anakiri, bila haya yoyote. “Zote zilikuwa nzima. Nilikuwa nalegeza mimi mwenyewe nikiwa njiani.”

“Nilijua,” anasema Projestus.

“Na pesa ulichukua!”

“Kazi ni kazi.”

Walipokubaliana, Projestus alituma wajumbe kwa Mzee Rwezaura kama inavyopasa. Mzee aliwapokea vizuri, akawapa rubisi, ile pombe ya ndizi, na kahawa ya kutafuna, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita kijana mwenyewe. Maneno aliyomwambia siku hiyo kila mmoja wao anayakumbuka.

“Mwanangu, mimi nakupenda. Baiskeli yangu umeitengeneza mpaka imekuwa yako. Lakini binti si baiskeli. Nikikupa Kyomugisha, watoto wake watakuwa watu gani? Mbawala ni wa babu yako mzaa mama, umeazimwa tu. Mtoto hawezi kurithi kitu cha kuazima. Na Mzungu hana muziro.”

Padri alipoulizwa alisema Kanisa halina kipingamizi. Mzee Rwezaura, ambaye hakosi misa ila awe mgonjwa, akajibu kwamba Kanisa lina yake na ukoo una yake, na yeye hana nia ya kuvigombanisha.

Tusimlaumu Mzee Rwezaura. Muziro kwake si mchezo. Ukoo wake hauli senene, wale panzi watamu wa kukaanga, na ni nani asiyejua mateso ya mtu asiyekula senene katika nchi hii? Kila mwaka, msimu ukifika, majirani wanakaanga na harufu inaingia mpaka chumbani, naye anakaa na ndizi zake kavu. “Nimevumilia miaka sitini na tatu,” anasema. “Siwezi kuoza binti kwa mtu asiyejua kuvumilia huko ni nini.”

Mtu mwingine angetafuta mchumba kwingine. Projestus alikwenda kukaa kaburini kwa baba yake, Kamuli, akawaza.

“Nikafikiri hivi,” anasema. “Baba yangu alikuwa na baba yake. Na yule naye alikuwa na baba yake. Watu wote wale hawawezi kuwa wanakula kila kitu. Lazima kipo wasichokula! Ila sisi huku hatujawauliza.”

Msomaji anayefahamu habari za Wazungu anaweza kutabasamu hapa. Projestus hakutabasamu. Alichukua jina la kijiji juu ya lile sanduku, akampelekea padri, padri akamwandikia paroko wa Kilfarna. Baada ya miezi mitano likaja jibu: dada yake Malaki yupo hai, anaitwa Brigita, na anauliza huyo mtoto wa kaka yake atakuja lini.

Nauli ya kwenda tu ilizidi shilingi elfu moja na mia mbili. Iliiva kwa kahawa ya misimu mitatu kutoka kibanja cha babu, kwa pesa za pancha, na kwa ng’ombe mmoja aliyeuzwa na Mama Kembabazi bila kumwambia mtu. Kyomugisha hakuwa na cha kutoa isipokuwa neno.

“Nilimwambia, nenda, nitangoja. Wachumba wengine wakija nitajua mwenyewe namna ya kuwafukuza. Lakini usinirudie na uongo. Kama hakuna muziro, sema hakuna, tutalia wote.”

Mwezi Oktoba mwaka jana, 1955, Projestus aliondoka. Alipanda meli ya ziwani kutoka Bukoba mpaka Kisumu, garimoshi mpaka Mombasa, kisha meli kubwa wiki tatu mpaka Uingereza. Alitapika, anasema, mpaka akasahau alikuwa amekula nini. Likafuata garimoshi jingine, meli nyingine, garimoshi tena, na mwisho gari la kukokotwa na punda. Mvua ilikuwa inanyesha. “Mvua ya kule hainyeshi kwa nguvu kama yetu,” anaeleza. “Yenyewe inakaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga.”

Mwenye punda alimshusha mbele ya nyumba ndogo ya mawe. Ua ulikuwa umejaa mabata bukini wakubwa weupe, wakampigia kelele na kumfukuza mpaka mlangoni. Mlango ukafunguka. Bibi mmoja mfupi, nywele zake nyekundu zikiwa zimeanza kuwa nyeupe, akasimama akimtazama.

Projestus alikuwa ameandaa maneno ya Kiingereza tangu Mombasa. Yote yakayeyuka. Alichoweza kusema ni “Shikamoo, shangazi.”

Bibi Brigita hakuelewa neno hata moja. Alinyoosha mkono akamshika sikio, akaligeuza, akaligeuza tena, kama anayekagua mbuzi mnadani.

“Masikio ni ya Malaki,” akasema. “Ingia ndani, utapata baridi.”

Ndani, Projestus alifungua kifurushi cha jani la mgomba lililokauka na kutoa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu nzuri, akampa shangazi yake kwa mikono miwili kama ndugu anavyompa ndugu. Bibi Brigita aliitia mdomoni, akatafuna, uso ukakunjamana. Hakutema. Akaulizwa kama ni nzuri, akasema ni mbaya kabisa, na akaomba nyingine.

Kisha akauliza lake. Alikuwa ameliweka moyoni miaka ishirini na sita.

“Amelala wapi?”

Kwao walikuwa wamepelekewa habari ya kifo tu. Mama yao, nyanya yake Projestus, alikufa akisema kwamba mwanawe ametupwa porini. Projestus akamweleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza mjini Bukoba: yuko kwenye kibanja cha mkwewe, katikati ya migomba. Migomba ni nini? Akamchorea majivuni. Ni mmea wenye majani mapana, una kivuli mwaka mzima, ukikata mmoja mwanawe yuko hapo kando anakua.

“Nani anapalilia?”

“Mama. Kila wiki.”

Bibi Brigita akalia, na Projestus naye akalia. Hata sasa anaposimulia anaacha spana, anageuka upande wa barabara, na mwandishi wa habari hizi anajifanya kutazama baiskeli.

Siku zilizofuata habari zikaenea kwamba mtoto wa Malaki ni fundi. Kilfarna nzima inapanda baiskeli, na hakuna anayejua kuziba pancha vizuri. Wakaja na magurudumu yaliyopinda, na minyororo iliyokufa kwa kutu. Wengine walikuja kumtazama tu, wakilegeza breki zao njiani, bila shaka. Watoto walitaka kumshika mikono waone kama rangi inatoka. Yeye akawashika nywele zao nyekundu na kuuliza kama zinatoka.

Lakini kila jioni alikumbuka kilichompeleka. Siku moja, shangazi yake akipepea moto wa ule udongo mkavu wanaouchimba na kuuwasha badala ya kuni, Projestus akamuuliza.

“Shangazi, sisi hatuli nini?”

“Ijumaa hatuli nyama.”

“Hiyo ni ya Kanisa, hata Nyaishozi tunayo. Nauliza ya ukoo. Watu wa baba, hawali nini?”

Ilichukua muda kumwelewesha. Akamweleza muziro, akamweleza senene wa Mzee Rwezaura, akamweleza Kyomugisha na kengele ya baiskeli. Bibi Brigita alicheka sana kwenye kengele. Halafu akaacha kupepea moto.

“Mwanangu,” akasema, “hapa palikuwa na njaa. Miaka zaidi ya mia iliyopita viazi vilioza shambani, mwaka baada ya mwaka. Babu yangu alikuwa mtoto wa miaka saba. Walikula majani, walikula nyasi, walikula visivyoliwa. Kati ya ndugu tisa alibaki yeye na dada yake. Watu hawa unawauliza hawali nini? Hatukuwa na nafasi ya kukataa kitu.”

Projestus alikuwa amevuka bahari, kahawa ya misimu mitatu imekwisha, ng’ombe wa mama amekwisha, na jibu lilikuwa hilo. Zaidi ya hapo aliona aibu, kwa sababu alikuwa ameuliza swali la watu walioshiba.

“Niliwaza, basi. Nitakwenda kumwambia Kyomugisha hakuna, tutalia wote,” anasema.

Ikafika Noeli. Bibi Brigita hufuga wale mabata bukini kwa mwaka mzima. Huwauza wote isipokuwa mmoja, aliye mnono kuliko wote, ambaye huokwa siku hiyo, na watoto wake wawili wa kiume huja na wake zao na wajukuu kumla. Kwa familia ile hakuna nyama inayongojwa kama hiyo. Bata akawekwa mezani, mafuta yanachuruzika. Wakasali. Kisu kikainuliwa.

Bibi Brigita akasukuma sahani yake mbele.

“Ndege huyu nimemlea tangu akiwa yai,” akasema, “na nampenda, na nampenda zaidi akiwa ameokwa. Babu yetu hakuweza kukataa kitu. Sisi tunaweza. Kuanzia leo, mtu wa damu ya nyumba hii hali bata bukini.”

Mwanawe mkubwa akamtazama Projestus, akamtazama bata, akamtazama mama yake. “Mama,” akasema, “si ungengoja kwanza tummalize huyu?”

Hakungoja. Alimbeba bata na sinia lake, akavuka barabara na mvua ile, akampa jirani. Siku hiyo ya Noeli ukoo mzima wa Tierney ulikula viazi na kabichi. Wajukuu walinung’unika kidogo. Mwana mkubwa alinung’unika zaidi, lakini alikula.

Projestus alirudi mwezi Machi mwaka huu, kwa nauli iliyotoka kwenye pancha za Kilfarna na mabata aliyouza shangazi. Njiani, anasema, shetani alipanda naye meli. Ni nani wa Nyaishozi angekwenda Kilfarna kuuliza? Angeweza kusema tu: sisi ni watu wa bata bukini, tangu zamani za mababu. Mzee Rwezaura angefurahi na shauri lingekwisha. Mpaka meli inafika Mombasa maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni.

“Nikamwona Kyomugisha amekuja kunipokea Bukoba, maili zote zile, amekaa juu ya magunia ya kahawa ya watu,” anasema. “Hakuniuliza umeleta nini. Aliniuliza, umekonda, umekula? Yale maneno ya melini nikayameza.”

Wazee walikaa kikao nyumbani kwa Mzee Rwezaura. Projestus akawasimulia yote: njaa, sahani iliyosukumwa, bata aliyevuka barabara. Hakuficha kwamba muziro huo ulikuwa na umri wa miezi mitatu.

Mzee Byabato, kaka yake Rwezaura, akatikisa kichwa. “Muziro wa miezi mitatu? Huo ni mtoto mchanga. Haujaota hata meno.”

Rwezaura alikuwa ameinamisha uso. Alipouinua alimwuliza Projestus jambo moja. “Huyo shangazi yako, ndege huyo alikuwa anampenda?”

“Sana, mzee.”

“Harufu ilikuwa inamfikia pale alipokaa?”

“Alikuwa mbele yake.”

Mzee Rwezaura akajifuta macho kwa kiganja. “Huyu mama namfahamu,” akasema. “Hata kwetu, kuna siku mtu mmoja alikataa senene kwa mara ya kwanza, na waliokuwapo walimwona mwendawazimu. Byabato, mtoto mchanga naye ni mtu. Mimi natoa binti.”

Kyomugisha, aliyekuwa jikoni akijifanya anamenya ndizi, anasema alizimenya zote zilizokuwamo ndani, hata za kesho.

Harusi ni mwezi wa Septemba, kahawa ikishavunwa. Mama Kembabazi amekwisha anza kupalilia kaburi la mumewe zaidi ya kawaida, maana mkwe ataletwa kusalimia. Bibi Brigita ametuma salamu kwamba miguu yake haiwezi safari, ila mabata anaendelea kuwafuga, na mwanawe mkubwa bado analalamika.

Vijana wa hapa humtania fundi. Wanasema amechagua muziro rahisi, kwa kuwa Nyaishozi nzima hakuna bata bukini hata mmoja. Lakini kwenye mabwawa ya Mto Kagera wako bata bukini wa porini, na mwezi uliopita rafiki yake Anatory wa Kamuli alimpata mmoja, akampika kwa karanga, akamwita Projestus bila kumwambia ni nyama gani. Alipofunua chungu, Projestus akainuka, akasema neno ambalo hakuwa amewahi kulisema katika maisha yake: samahani, hiki kwetu hatuli.

“Nilishindia ndizi na chumvi,” anasema, na uso wote unang’aa. “Sijawahi kufurahi kukosa mboga kama siku ile.”

Tyubu imezibwa. Anaipachika ndani ya tairi, anapiga pampu, analizungusha gurudumu na kusikiliza. Mzee wa Ihembe analipa, anafunga mkungu wake, lakini haondoki. Hatimaye analitoa swali alilokuja nalo kifuani tangu asubuhi: kijana, wewe ni mtu wa wapi? Projestus anamjibu, naye mzee anaondoka akitikisa kichwa, akilirudia jina la yule ndege ili asilisahau.

Anatarajia nini sasa? Fundi anafikiri, mikono imejaa grisi.

“Nataka watoto, Mungu akijalia,” anasema. “Mimi nilipokuwa mdogo nikiulizwa njiani, nilikuwa natazama chini mpaka mtu apite. Mtoto wangu nitamfundisha muziro wake kabla ya sala. Akiulizwa, ajibu mwenyewe, kwa sauti, hata kama mimi sipo.”